Boti ya chanzo cha Nile, Jinja: unalipia nini, na Speke aliwahi nini hasa

Jibu la haraka: boti ya kwenda kwenye chanzo cha Nile pale Jinja inastahili pesa yake ukienda asubuhi, ukapatana njia kabla ya kupanda, na ukavushwa hadi ng'ambo ya magharibi. Ukifika saa tisa alasiri, ukalipa bila kuuliza, ukazungushwa kwenye kibao cha kupigia picha na kurudishwa, umenunua nusu ya safari. Sehemu dhaifu kuliko zote ni maelezo, ile habari ya msafiri Mwingereza John Hanning Speke "kugundua" mto uliokuwa tayari na jina, wavuvi na kivuko. Tuanze na boti, maana aliyelowa hadi kiunoni hasikilizi historia.

Kutoka Kampala ni kilomita 80 hivi. Teksi hupita Mukono, Lugazi, msitu wa Mabira na Njeru, kisha huvuka daraja la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525. Kinachokula muda ni foleni ya Mukono, si umbali. Ukiondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi utaipita. Ukiondoka saa mbili, usimwahidi mtu saa ya kufika. Shika jambo moja la jiografia: mto ndio mpaka. Upande wa magharibi ni Njeru, wilaya ya Buikwe, yaani Buganda. Upande wa mashariki ni Jinja, yaani Busoga. Wageni wengi hushukia Jinja, wakachukua boda hadi kwenye bustani ya chanzo, wakapandia boti huko. Speke alisimama ng'ambo.

Kiingilio cha bustani na nauli ya boti ni vitu viwili. Langoni viwango hutofautiana kwa uraia, kwa hiyo beba kitambulisho, hasa ukiwa umetoka Kenya au Tanzania na hutaki kuhesabiwa pamoja na wageni wa mbali. Ukishateremka ngazi hadi majini, swali la kwanza kwa mwenye boti ni "bei hii ni ya kichwa au ya boti nzima?" Mkiwa watu sita, jibu hilo peke yake linaweza kubadilisha gharama yote. La pili: "tunafika wapi?" Kuna njia fupi, ya kwenda hadi kwenye kibao na kisiwa kidogo na kurudi, na kuna njia ndefu ya kutoka hadi mdomo wa ziwa, kukata kwenda magharibi, kutua kwenye mnara wa Speke, kisha kushuka na mkondo. Njia ndefu inapandisha mto, inakunywa petroli, na ndiyo maana nahodha hataitaja usipoitaja wewe. Itaje, mpatane, na sehemu ya pesa ibaki mfukoni hadi mtakaporudi nchi kavu.

Jaketi la kuelea usilivae kwa kupewa tu. Liinue kwanza. Likiwa zito kama gunia lililonyeshewa, povu la ndani limeshanywa maji, na kazi yake itakuwa kukuzamisha polepole. Funga vishikizo vyote na umwombe mwenzako alivute juu mabegani. Likifika masikioni, ni kubwa mno kwako. Kwa watoto hili ndilo kosa linalorudiwa kila siku: mtoto wa miaka sita anavalishwa jaketi la mtu mzima, na akianguka atatoka chini yake kama muhogo kwenye ganda. Jaketi la mtoto huwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kama halipo, mtoto asipande.

Hatari nyingine haitokani na mamba wala mkondo. Hutokea boti inapofika kwenye kibao, kila mtu akasimama na simu, wote upande mmoja. Boti ndefu na nyembamba haivumilii hilo. Nahodha mzuri huigeuza ili kila safu ipate zamu yake, na huwaambia watu wakae kabla ya kuongeza mwendo. Asiyesema lolote, mkumbushe.

Kuhusu saa: mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuja pwani. Jinja iko pwani ya kaskazini, kwa hiyo upepo huo unaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa mto, na kufikia alasiri mawimbi hapo huwa mafupi na makali. Kati ya saa mbili na saa tano asubuhi maji hulala, na jua likiwa mgongoni mwako unapotazama magharibi, mnara wa Speke hung'aa vizuri kwenye picha. Alasiri utapiga picha ya kivuli.

Sasa maelezo.

Botini utaonyeshwa maji yanayopanda na kuzunguka kama uji unaochemka, na utaambiwa kwamba hapo ndipo Nile inapozaliwa: asilimia 30 kutoka chemchemi za chini, asilimia 70 kutoka ziwani. Hesabu hii inasomwa kwa uhakika wa mganga. Muulize ilipimwaje, uone kimya. Kinachotoka Jinja ni maji ya ziwa. Na ziwa lenyewe hupata zaidi ya robo tatu ya maji yake kutoka mvua inayonyesha juu yake, mito yote ya pembeni ikichangia sehemu iliyobaki. Ule mzunguko unaouona una maelezo rahisi zaidi: maji mengi yanapita juu ya ngazi ya miamba iliyozama.

Hiyo miamba ndiyo kiini cha safari nzima, na ajabu ni kwamba hutajwa kwa sentensi moja. Hapa palikuwa na maporomoko. Katika shajara yake Speke aliyakadiria kuwa na kimo cha futi 12, yaani mita tatu na nusu hivi, na upana wa futi 400 hadi 500, yakiwa yamekatwakatwa na mawe. Akayaita Ripon, kwa heshima ya bwana mkubwa aliyewahi kuongoza chama cha wanajiografia cha London. Lakini aliandika pia kwamba Waganda waliyaita "Mawe". Jina hilo ndilo lililobaki mjini: Jinja ni jiwe. Mto wenyewe uliitwa Kiyira, na ziwa, Victoria ya leo, liliitwa Nalubaale. Wafanyabiashara wa pwani waliliita Ukerewe. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilipozinduliwa mwaka 1954, maji yalipanda nyuma yake na maporomoko yakafunikwa. Kwa hiyo unachotazama leo ni mahali ambapo kitu kilikuwa. Msimamizi anayesema hivyo waziwazi anastahili bakshishi. Anayekuonyesha povu na kusema "ndiyo haya maporomoko" anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Maji yenyewe hayakai mahali pamoja: Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964, na sehemu za chini za ukingo zikazama. Kama kibao au kisiwa ulichokiona kwenye picha ya zamani hakipo, huenda kiko chini ya boti.

Shajara ya tarehe 28 Julai 1862 ina picha ambayo ingepaswa kubandikwa kwenye kila boti. Speke anaona samaki wakiruka kwa maelfu kupanda maporomoko. Anaona wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wamesimama juu ya mawe na fimbo na ndoano. Viboko na mamba wamelala majini, ng'ombe wanashushwa kunywa, na juu kidogo ya maporomoko kivuko kinafanya kazi. Kivuko! Biashara ya kumvusha mtu hapa ilikuwapo kabla ya "mgunduzi", na bila shaka kulikuwa na mtu akibishania nauli.

Yupo mwingine asiyetajwa botini: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, akarudi Unguja akiwa huru. Speke alizungumza naye Kihindustani, na Bombay aliyageuza mazungumzo kwa Kiswahili, lugha ya msafara. Walipoufikia mto, Speke aliwaambia watu wake wanyoe vichwa na kuoga katika mto mtakatifu, mto wa Musa. Bombay akamjibu kwamba wao hawayatazami mambo hayo kwa njozi kama yeye. Wanaridhika na maisha ya kawaida, na likija jema au baya ni mapenzi ya Mungu. Mtu huyu alisafiri na Richard Burton, msafiri Mwingereza, na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley alipomtafuta Livingstone, kisha Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Mwaka 1876 wanajiografia wa London walimpa nishani ya fedha na pensheni. Anayetafuta msafiri wa kujivunia katika lugha yetu, amempata.

Je, Speke alikuwa wa kwanza? Swali hili lina viungo vitatu, na maelezo ya botini huviunganisha kimoja: nani, wapi, na kwa ushahidi gani.

Nani: hakuwa mtu wa kwanza, hilo halina ubishi. Hakuwa hata mgeni wa kwanza kufika Buganda. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Suna wa Pili mwaka 1844. Na kule Kazeh, Tabora ya leo, Snay bin Amir ndiye aliyewaeleza Burton na Speke habari za ziwa la kaskazini kabla hawajalitia machoni. Dai linalosimama ni dogo: Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameona maji yakitoka ziwani kwenda kaskazini. Hata hilo alilifikia kwa ruhusa ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, baada ya kukaa kwenye ikulu yake tangu Februari, na akiongozwa na watu wa Kabaka. Aliufikia mto pale Urondogani tarehe 21 Julai, akaupandisha kwa wiki moja. Grant, mwenzake aliyekuwa na mguu mbaya, alikuwa ametangulizwa kwenye ufalme wa Bunyoro, kwa hiyo hakuyaona maporomoko. Ukisikia "Speke na Grant waligundua", mmoja kati yao hakuwapo.

Wapi: "chanzo" kina maana mbili. Kuna mahali mto unapotoka ziwani, na hapo Jinja haina mpinzani. Na kuna kijito cha mbali zaidi kinacholisha ziwa hilo, na hapo inabidi uupande mto Kagera hadi Burundi au Rwanda. Kule Rutovu, Burundi, kuna piramidi ndogo iliyojengwa miaka ya 1930 baada ya Burkhart Waldecker kufika. Rwanda wanaonyesha msitu wa Nyungwe. Ukisoma kibao cha Jinja kuwa ni chanzo cha mto mrefu kuliko yote duniani, jua kwamba urefu unaotamkwa, kilomita 6,650 hivi, unahesabiwa kutoka kwenye vijito hivyo vya mbali. Jinja inaazima urefu wa Burundi. Halafu kuna Nile ya Bluu, yenye ubishi wake: James Bruce alifika Gish, Ethiopia, mwaka 1770 akajitangaza wa kwanza, wakati padri Pedro Páez alikuwa ameshafika mwaka 1618. Bruce aliikana safari ya Páez badala ya kujipunguza. Na Nile hiyo ya Ethiopia ndiyo inayoipa Misri maji mengi zaidi, jambo ambalo Jinja hutalisikia.

Ushahidi: hapa ndipo Burton alipombana Speke, na hakuwa mjinga. Mwaka 1858 Speke alilifikia ziwa pale Mwanza bila Burton, Burton akiwa mgonjwa Kazeh, akaliona pembe moja tu, akarudi akisema hiki ndicho chanzo. Alikuwa na kipimo kimoja kizuri: kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, alilikadiria ziwa kuwa futi 3,740 juu ya bahari, karibu kabisa na mita 1,134 zinazokubalika leo. Lakini kwa ziwa Tanganyika kipimo hichohicho kilimpa futi 1,844, wakati ukweli unazidi 2,500. Chombo kimoja, ukweli mmoja na kosa moja. Mwaka 1862 aliliona ziwa sehemu chache tu, kwa hiyo hakuweza kuthibitisha kwamba ni ziwa moja na si madimbwi matano. Na aliposhuka na mto aliuacha njiani, akakata nchi kavu kutoka Bunyoro, akaikosa Mwitanzige, ziwa ambalo Samuel na Florence Baker walilifikia Machi 1864 na kuliita Albert. Mto aliouacha huku na mto alioukuta kule, nani alisema ni mmoja?

Mdahalo wa Speke na Burton ulipangwa mjini Bath, Uingereza, Septemba 1864. Siku moja kabla, tarehe 15, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa kwenye mawindo. Jibu lilikuja vipandevipande. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley waliona mto Ruzizi unaingia Tanganyika badala ya kutoka, na hoja ya Burton, kwamba Nile inatoka Tanganyika, ikapoteza mguu. Mwaka 1874 msafiri Chaillé-Long alipita sehemu ya mto hadi ziwa Kyoga. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote, na mwaka 1876 msafiri Gessi akaizunguka Albert. Speke alikuwa sahihi, lakini alikisia kabla ya kuthibitisha, na kuna tofauti. Jiwe lake la kumbukumbu kule Kensington Gardens, London, linaonekana kuijua: limeandikwa jina lake, Victoria Nyanza, Nile na mwaka 1864. Neno la kugundua halimo.

Kipimo hiki kinafaa kwa kila bara. Waskandinavia wa Newfoundland hawakuaminiwa kwa simulizi zao hadi mabaki ya nyumba zao yalipopatikana mwaka 1960, na mti walioukata kwa chuma ukasomwa kuwa wa mwaka 1021, karne nne na zaidi kabla ya Columbus, na maelfu ya miaka baada ya wenyeji. Sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zikiwa pamoja na nne za Kiholanzi. Zinasisimua, lakini sarafu husafiri mfukoni mwa yeyote, kwa hiyo bado hazimleti Mswahili ufukweni. Antaktika ndiyo bara pekee ambapo "kugundua" hakumfuti mwenyeji, na hata huko mabaharia Bellingshausen na Bransfield wanapishana kwa siku mbili au tatu za Januari 1820, sehemu ya ubishi ikiwa ni hesabu ya kalenda.

Rudi botini. Kumpima msimamizi kabla ya kulipa, muulize Speke alisimama upande gani. Akikuonyesha magharibi bila kusita na kukueleza kwamba alitokea Buganda, mchukue. Akisema "hapa hapa ulipo", endelea kutafuta. Ukitaka maelezo kwa Kiswahili, sema mapema. Asiyeambiwa huanza kwa Kiingereza na hamalizi. Walimu wanaoleta watoto wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wafanye hivyo pia, na wawaombe wasimamizi wataje kivuko na Bombay, kwa sababu tarehe 28 Julai watoto wameshaikariri darasani.

Sanamu ya Gandhi kwenye bustani ya mashariki haihitaji zaidi ya dakika tano: sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948, na sanamu ikazinduliwa mwaka 1997. Maduka ya vinyago yako njiani, bei ya kwanza haijawahi kuwa bei.

Alama zetu: mandhari, tisa kati ya kumi asubuhi, sita alasiri. Usalama, hutegemea boti uliyoichagua, kwa hiyo usituulize sisi, inua jaketi. Maelezo, manne, na yanaweza kufika nane kwa msimamizi aliyesoma. Mwenye saa moja tu asivuke daraja kabisa: ashukie Njeru, achukue boda hadi kwenye mnara wa Speke, na aangalie maji kutoka kule yalikotazamwa mwaka 1862. Apatane na boda amsubiri, maana ukishamaliza si rahisi kupata nyingine hapo mtoni.